Mkono wa Goti kwenye Gitaa la Siame

Kabla hujashika bisibisi, keti pale anapoketi mwenye chombo. Hilo ndilo la kwanza ninalowaambia vijana wote wanaokuja kwangu hapa Vwawa kujifunza ufundi, na wote wananiona nimezeeka vibaya. Ninyi nanyi mnataka nianze na skrubu. Mnataka niwaambie ipi inakazwa na ipi inalegezwa, mpige picha kwa simu, mwende zenu. Skrubu nitawaambia, msiwe na haraka. Leo nataka niwaeleze habari za gitaa moja nililolitengeneza miaka ile ya shida ya sabuni. Mmekuwa mkiniuliza kwa nini sipendi kulizungumzia, nami nimechoka kusingizia kichwa kinauma.

Kwanza mjue sikuwa fundi wa magitaa. Nilikuwa fundi wa vyerehani. Nilishuka kutoka Hasamba nikiwa kijana wa kuhangaika, shamba la kahawa la baba lilikuwa na ndugu wengi kuliko mibuni, nikaangukia mikononi mwa Fundi Rajabu, Mnyamwezi wa Tabora aliyekuwa na kibanda karibu na soko. Huyo mzee hakuwa na kawaida ya kumpiga mtu. Ulimi wake ulitosha, na mara nyingi ungetamani akupige tu yaishe. Mafuta ya mashine yalipoadimika, mimi kwa ujanja wangu nikatia mafuta ya nyonyo kwenye cherehani cha mama mmoja kutoka Misheni. Siku ya kwanza kilikwenda kama kipya. Juma halijaisha, mafuta yakaganda, gurudumu halizunguki hata ulivute kwa mikono miwili. Rajabu akawaita watu waliokuwa wanapita sokoni, akawaambia, "Njooni muone maajabu, Mnyiha amekaanga cherehani." Nikaitwa Mkaanga Cherehani mpaka nilipooa, na mke wangu naye alilijua jina hilo kabla ya jina langu.

Lakini lipo jambo jingine alilonifundisha, na hilo sikulipata kwa matusi. Palikuwa na mshonaji mzee, macho yake yalikuwa yanakwisha. Alikuja kibandani akilalamika kwamba sindano imepinda, ndiyo maana mshono unakwenda upande. Nikaitazama ile sindano, imenyooka kabisa. Nikafungua kinywa niseme. Rajabu akanikanyaga mguu chini ya meza, akaichomoa sindano, akaweka nyingine, akasema, "Kweli imepinda, mzee wangu, pole sana." Yule mzee alipoondoka, Rajabu akaniambia kwamba mtu mzima haulizwi habari za mwili wake. Akisema kosa liko kwenye chuma, wewe litafute kwenye chuma, umrudishie kazi yake pamoja na heshima yake. Huku kwetu ndivyo tulivyofanya kazi, na nilidhani ni adabu nzuri kuliko zote. Mpaka leo nadhani ni nzuri, ila siifuati tena.

Sasa Siame. Siame alikuwa Mnamwanga wa Tunduma, amenizidi umri kidogo, mrefu, mwenye sauti ya chini. Ujana wake aliumalizia kwenye migodi ya shaba upande wa Zambia, na huko ndiko alikojifunza kupiga gitaa kwenye klabu ya wafanyakazi. Mzungu mmoja wa mgodini alipofungasha kurudi kwao alimwachia gitaa ambalo hakuna mtu wa huku aliyewahi kuliona. Siame akarudi nalo nyumbani, limefungwa kwa blanketi, juu ya lori la mahindi.

Siku aliponiletea mara ya kwanza nilifikiri ni meza. Aliingia kibandani, wakati huo Rajabu amesharudi kwao na kibanda ni changu, akaniambia, "Mulishani, ba fundi?" Tunduma wanachanganya Kibemba kwenye kila kitu, hata kukopa chumvi. Nikamjibu, "Bwino, kaka. Hiyo meza imevunjika wapi?" Alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akaifungua, akaisimamisha kwa miguu yake minne, akavuta kiti akaketi nyuma yake. Lilikuwa gitaa lililolala chali. Mkono wa kushoto unatelezesha kipande cha chuma juu ya nyuzi, mkono wa kulia unachomoa sauti. Chini kuna pedali za mguu, kama za cherehani. Na kando ya goti, mahali ambapo usingetazama, unaning'inia mkono mfupi wa chuma. Ukiusukuma kwa goti kwenda pembeni, unavuta kijiti, kijiti kinavuta uzi, sauti inapanda polepole huku inalia. Siame alisukuma goti lake mara moja tu, na mwanamke aliyekuwa anapita na kikapu cha viazi akasimama.

Tatizo lilikuwa kijiti kimoja kimekatika. Nikamtengenezea kingine kwa spoku ya baiskeli, kwa sababu spoku tayari ina nyuzi za skrubu mwishoni na nati yake ndogo, huhitaji kuchonga chochote. Hapo ndipo urafiki wetu ulipoanza, na hapo ndipo niwaambie sehemu mnayoisubiri.

Mkono wa goti una mwendo. Mwendo ni umbali ambao goti linasafiri tangu linapougusa mkono mpaka unapogonga kikomo. Kwa mtu wa kawaida, upana wa kidole gumba unatosha. Ukiwa mrefu mno, mpigaji anachelewa na paja linachoka. Ukiwa mfupi mno, sauti inaruka badala ya kupanda. Sasa kile kijiti kimeshikizwa kwenye kipande cha chuma chenye matundu, moja juu ya jingine. Ukikihamishia tundu la mbali na mhimili, pale kipande kinapozungukia, goti linasafiri kidogo lakini linasukuma uzito zaidi. Ukikirudisha tundu la karibu, goti linasafiri sana lakini ni jepesi. Hakuna namna ya kupata vyote viwili, na mtu akikuahidi vyote viwili huyo ni tapeli. Ukishahamisha kijiti ndipo unapanga kikomo, na ukishapanga kikomo ndipo unakaza ile nati ya mwisho mpaka sauti ifike pale inapotakiwa. Usianze na nati. Wote mnaanza na nati kwa sababu ndiyo inayoonekana.

Kikomo mimi nilikitengeneza kwa ngozi. Mkanda wa cherehani ukikatika, vipande vyake vinabaki, na ngozi ile haina kelele. Chuma kikigonga chuma katikati ya wimbo, watu wanasikia. Nikawa nakata kijipande, nakibandika pale mkono unapogota. Nilijisifu sana kwa ubunifu huo. Nilipanda lori mpaka Tunduma kwenda kumsikia akipiga kwenye baa ya madereva, kipaza sauti kimeunganishwa na betri ya lori. Wazungumzaji wakubwa wa barabara nzima walikaa kimya, madereva wa Dar, Wazambia, watu wa mizigo. Mke wake, Tabitha, alikuwa mwimbaji wa kwaya kanisani, hakukanyaga baa hata siku moja, lakini alikuwa anasimama nyuma ya ukuta upande wa kisima akisikiliza. Kila mtu alijua, na yeye peke yake ndiye aliyedhani hatujui.

Basi, alirudi kwangu msimu wa kuvuna mahindi. Akasema mkono wa goti umelegea, anatakiwa kusukuma mbali mno, naomba ufupishe. Nikatazama. Haukuwa umelegea. Nikasema labda mhimili umepinda kidogo safarini, nikahamisha kijiti tundu moja mbele, nikaongeza kipande cha ngozi. Akajaribu, akasema sawa.

Akarudi tena baada ya mavuno. Safari hii alishuka kwenye lori kwa kutanguliza mguu wa kulia, akasema amebanwa safarini. Fupisha tena, fundi. Nikalifungua gitaa lote. Nilikagua kila kiungo, nikanyoosha vijiti ambavyo havikupinda, nikapaka mafuta mahali palipokuwa na mafuta. Nilikuwa nalitafuta kosa kwenye chuma kama nilivyofundishwa. Nikahamisha tundu, nikaongeza ngozi. Nikamwambia, "Kaka, sasa utasukuma kitu kizito." Akasema uzito si kitu, yeye alisukuma toroli za mawe chini ya ardhi.

Mara ya tatu hakuja mwenyewe. Alilituma gitaa kwa dereva na ujumbe wa mdomo: lifupishwe mpaka mwisho. Zilikuwa siku za msako wa walanguzi, watu wanatupa mali vichakani kwa kuogopa kukutwa na kitenge cha ng'ambo. Dereva alikuwa anatetemeka na lile gitaa kuliko kama angebeba mwizi, kwa sababu ndani ya blanketi Siame alificha pakiti ya nyuzi nyembamba alizopata Zambia. Nyuzi nyembamba ni nyepesi kuvuta. Mtu anayesema uzito si kitu ananunua nyuzi nyembamba za nini? Nililiona hilo, vijana. Nililiona kwa macho haya, nikaweka kijiti kwenye tundu la mwisho, nikavalisha zile nyuzi, nikabandika ngozi, nikafunga blanketi.

Tabitha alikuja siku ya gulio. Nilikuwa na wateja, akasimama pembeni mpaka wakaisha, ndipo akanisalimu, nami nikamwita shemeji kama kawaida yetu, nikamuuliza habari za nyumbani. Hakunijibu habari za nyumbani. Alifungua fundo la khanga yake, akaweka juu ya meza vile vipande vyangu vya ngozi. Alikuwa amevibandua akifuta vumbi chini ya gitaa.

"Shemeji," akasema, "hivi umeviweka wewe?"

"Ndiyo."

"Ili goti lisiende mbali?"

"Ndiyo, shemeji."

"Unajua kwa nini haliendi mbali?"

Nikavikusanya vile vipande kwa kiganja. Akaniambia. Juu ya goti la kushoto la mume wake palikuwa na uvimbe mgumu, umeanza kama pera, sasa umekuwa wa kujaza viganja viwili. Haulali wala haushuki. Anaufunga kwa kitambaa kabla ya kuvaa suruali. Daktari wa hospitali ya misheni aliuona mara moja, akasema aende hospitali kubwa upesi, mguu utakatwa, na akichelewa ugonjwa utapanda. Siame alirudi nyumbani akasema daktari amemwambia apumzike. Tangu siku hiyo kila Tabitha akimsihi, jibu lake ni moja: "Mbona napiga? Mtu mwenye mguu mbovu anaweza kupiga vile?"

"Na kweli anapiga," Tabitha akasema. "Anapiga kwa sababu yako. Kila ukifupisha, yeye anasema ameona nafuu. Nakuomba, shemeji, usimfupishie tena."

Nilikaa kwenye kiti cha wateja. Mwanamke yule hakulia wala hakunilaumu, na afadhali angenilaumu.

Nikapanda naye lori siku ileile, tukafika kwao jua bado liko juu. Siame alikuwa amekaa mlangoni, mguu ameunyoosha. Aliponiona akafurahi, akafikiri nimekuja kumalizia kazi. Nikamwambia nataka kukagua mkono wa goti. Nikaligeuza gitaa pale uani. Nikarudisha kijiti kwenye tundu la kwanza, mahali kilipokuwa siku aliponiletea. Nyuzi nyembamba nikazitoa, nikaweka zile zake za zamani. Ngozi sikubandika hata kipande. Nikapanga kikomo, nikakaza nati, nikaketi kwenye kiti chake nikasukuma kwa goti langu mwenyewe, sauti ikapanda mpaka juu, safi kabisa. Ndipo nikainuka nikamwambia, "Kaka, karibu kiti. Piga."

Aliketi. Ilimchukua muda kuuingiza ule mguu chini ya gitaa. Akapiga uzi mmoja, akasukuma goti. Sauti ikaanza kupanda, ikafika nusu ya njia ikasimama. Haikuwa noti ya chini wala ya juu. Kwa mtu wa muziki hakuna sauti mbaya kama hiyo. Akasukuma tena, jasho likamtoka usoni, ikasimama palepale.

"Umeliharibu," akasema.

"Gitaa ni zima, kaka. Ndivyo lilivyokuwa mwanzo."

"Nimesema umeliharibu."

"Nimelipiga mbele yako sasa hivi. Umesikia."

Akanitazama. Kisha akamtazama Tabitha, aliyekuwa amesimama kwenye kona ya nyumba na mikono kifuani. Akaelewa kwamba tumelizungumza. Nimewahi kutukanwa na Rajabu miaka mingi, nimetukanwa na wateja, hata mgambo wamenitukana, lakini sijapata kutazamwa vile na mtu. Alikiweka kile kipande cha chuma chake juu ya nyuzi polepole, akasema, "Fundi, rudi kwako."

Nikarudi.

Alikwenda hospitali. Tabitha alinitumia salamu kwamba amekubali, na kwamba wamefika Mbeya. Mguu ulikatwa juu kabisa. Daktari aliwaambia wamewahi kwa sehemu tu, ugonjwa ulikwisha kutembea, lakini mguu ungebaki asingemaliza masika. Gitaa likavuka mpaka likauzwa ng'ambo, likawa dawa na unga. Mguu wa kushoto ndio wa pedali zote na ndio wa mkono wa goti, kwa hiyo hapakuwa na ufundi wa kumsaidia. Nililala nikilifikiria hilo na kuamka nikilifikiria. Nilichora chini kwa mkaa jinsi ya kuhamishia kila kitu upande wa kulia. Haikuwezekana, na hata ingewezekana, nani angempelekea habari?

Nilikwenda kumwona mara kadhaa, na sukari nikipata, na kipande cha sabuni. Kila mara mtoto wa jirani alitumwa mlangoni kuniambia mzee amelala. Nilimsikia akikohoa ndani. Nikaacha mzigo kwa Tabitha nikageuza.

Mara moja tu niliingia. Yeye mwenyewe aliita, "Mwacheni apite." Alikuwa amekonda, macho yamekuwa makubwa. Nikamwamkia, ingawa tulikuwa karibu marika, kwa sababu sikujua neno jingine la kuanzia. Aliitikia. Tukakaa. Kisha akasema, bila hasira yoyote, kama mtu anayekueleza njia:

"Ungeniacha. Ningekufa mapema kidogo, lakini ningefia kwenye kiti changu. Watu wangesema Siame alikufa anapiga. Sasa watasema nini? Kwamba nilikufa nimeangalia dari."

Ninyi mnaponiuliza nini kazi ngumu kuliko zote niliyopata kuifanya, mnatarajia nitaje mashine. Kazi yenyewe ilikuwa rahisi, kuhamisha kijiti na kuondoa ngozi, hata mwanafunzi wa siku mbili angeiweza. Ugumu ulikuwa kumwambia mtu akae pale apige.

Alikufa mwishoni mwa mwaka uliofuata. Tulimzika Tunduma, matarumbeta ya kanisa yalipigwa vizuri, wazee wa kanisa waliokuwa hawataki hata kusikia habari za gitaa lake la baa walikuja wote na makoti yao. Nilikaa nyuma na madereva. Sikutaka kumsogelea mjane, kwa maana niliona kama mimi ndiye niliyemfikisha mahali pale, kwa njia moja au nyingine. Kama si kwa kumfupishia, basi kwa kukataa kumfupishia. Sikujua ni ipi.

Watu walipotawanyika Tabitha alinifuata yeye mwenyewe, khanga imefungwa kiunoni, macho yamekauka. Akaniambia kwamba Siame hakunisamehe. Alimuuliza siku za mwisho, naye Siame akageukia ukutani.

Nikamwambia najua, shemeji. Kisha nikamuuliza swali ambalo nilikuwa sina haki ya kuliuliza siku ya msiba. Nikamuuliza, "Na wewe?"

Alitazama wanawake waliokuwa wanaosha masufuria ya matanga pale uani.

"Mimi," akasema, "nimepika ugali wa watu wawili mwaka mzima na zaidi."

Akaenda kuwasaidia kuosha.